Utafiti Usio na Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Mkuu wa kitivo ametangaza kikaoni kwamba nafasi ya mkuu wa idara yetu ya sosholojia iko wazi, na ataipata yule atakayewasilisha utafiti bora kwenye semina ya Ijumaa ya wiki ijayo. Mada: mamlaka, ukosefu wa usawa, na haki za binadamu na wanyama. Wagombea ni wawili tu. Mimi na Takwimu.

Takwimu ni mwenzangu wa ofisi. Jina hilo nimempa mimi, maana mwanamke huyu anahesabu kila kitu kinachopita mbele yake. Ofisi yetu imegawanywa na kabati la mafaili. Upande wake una dirisha. Upande wangu una mgongo wa kabati. Nimeandika miaka mingi kuhusu ukosefu wa usawa huku nimeukodolea macho. Kikao kilichopita alitangaza kwamba kwa hesabu zake, mimi huwakatiza watu maneno mara nyingi kuliko wahadhiri wengine wote wakijumlishwa. Nilimkatiza papo hapo nikamwambia si kweli.

Mkuu wa idara ana ofisi yake peke yake. Madirisha mawili. Kiti cha kuzunguka. Leo mfagizi aliacha mlango wazi, nikaingia kukijaribu. Kinazunguka vizuri mno, tena kwa pande zote mbili.

Nitafanya utafiti nyumbani kwangu. Familia ni taifa dogo. Halafu sihitaji nauli.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika pendekezo langu la utafiti kwa mkao mmoja. Kichwa: Utafiti Usio na Bosi. Nimesema humo kwamba siku za mtafiti kukaa juu na mtafitiwa kukaa chini zimekwisha. Katika nyumba yangu wote watakuwa washiriki sawa, binadamu na wanyama, kila mmoja na kura yake, na hakuna matokeo yatakayowasilishwa mpaka yapigiwe kura na kukubaliwa na walio wengi.

Sentensi hiyo ya mwisho niliiweka kama pambo. Kila pendekezo linahitaji sentensi ya namna hiyo, watu waisome, watikise vichwa, wasonge mbele.

Mkuu wa kitivo hakusonga mbele. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona msomi aliye tayari kuwaachia watafitiwa wake mpini. Akasema basi hilo litakuwa sharti. Nikishinda kura nyumbani, nawasilisha. Nikishindwa, siwasilishi, na nafasi inakwenda kwa Takwimu bila jasho.

Takwimu ndiye mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti. Alisema kwa upole kwamba kura lazima isimamiwe, na kwamba atakuja kuisimamia mwenyewe. Kisha akatabasamu. Sikulipenda tabasamu hilo lakini nililirudisha, kubwa zaidi.

Hana habari. Anacheza na bingwa.

Jumatano, 5 Machi

Hesabu ya wapigakura. Kwa mara ya kwanza maishani naona raha ya hesabu.

Mimi. Mke wangu, ambaye ni mkunga na anapenda kuuliza maswali kana kwamba kila mtu ana uchungu wa kuzaa. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa jino. Jino lilipona, yeye akabaki. Dada, anayetufanyia kazi za nyumbani. Tunamwita Dada ingawa ana wajukuu na kwa umri angeweza kunichapa. Hao ni binadamu wanne. Wanyama ni watatu: beberu aliyekuja na mama mkwe, ambaye mama mkwe humwita Mheshimiwa, paka, na jogoo. Jumla kura saba.

Sasa sikiliza akili. Wanyama hawasemi. Asiyesema huwakilishwa. Nani atawawakilisha? Mtaalamu wa haki zao. Nani mtaalamu? Basi mimi na wanyama wangu tunakuwa wanne, wao wanabaki watatu. Nilicheka peke yangu bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

Wakati wa chakula cha jioni niliwatangazia. Mke wangu akauliza kama ina maana kuanzia sasa yeye na jogoo wako sawa. Nikamwambia huo ndio uzuri wake. Mama mkwe akataka kujua kama Mheshimiwa atapata posho ya vikao. Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, akauliza kura yenyewe ni ya nini. Nikamweleza ni ya kukubali matokeo. Akauliza matokeo ni yapi. Nikamwambia bado sijayapata ila yatakuwa mazuri.

Kusema kweli nimekwisha kuyaandika. Matokeo: katika nyumba yenye uongozi wa busara, mamlaka hujigawa yenyewe na hakuna anayelalamika.

Ijumaa, 7 Machi

Takwimu amenichomekea kijiti kwenye gurudumu. Alikuja upande wangu wa kabati na kusema kamati imekaa na kuamua kwamba anayenufaika na kura hawezi kupiga kura kwa niaba ya asiyesema. Wanyama watapiga kura kwa miguu yao. Siku hiyo wanaokubali watasimama upande wa tangi la maji, wanaokataa upande wa mlango wa jikoni, wanyama waachiwe katikati ya ua. Mnyama akienda upande fulani, kura yake iko huko. Kubeba chakula marufuku.

Nilitaka kubishana lakini mkuu wa kitivo alikuwa amesimama mlangoni anatikisa kichwa kwa furaha. Nikasema nilikuwa karibu kupendekeza hivyo hivyo.

Sina wasiwasi. Mimi ndiye mwenye nyumba. Sauti yangu wanaijua.

Jioni nilifanya jaribio. Nilisimama karibu na tangi nikawaita. Paka alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Jogoo aliendelea kuparura. Mheshimiwa alinipa mgongo, kisha mkia, kisha yale mengine. Nikaita kwa sauti nzito zaidi, ile ya ukumbi wa mihadhara. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, Dada akatoka kumwaga maji. Hakuita mtu. Wote watatu wakamkimbilia, jogoo mbele.

Nilibaki pale na tangi langu. Kura tatu na yake ya nne. Mwanamke huyu ana wingi wa viti katika bunge langu na bado anaosha masufuria.

Jumamosi, 8 Machi

Mazungumzo ya ngazi ya juu, jikoni.

Nilianza kwa heshima. Nilimsifu Dada kwa mchango wake katika sayansi. Nikamwambia akisimama upande wa tangi siku ya kura, nitampa cheo cha Mtafiti Mwenza, na jina lake litatajwa kwenye tanbihi. Akauliza tanbihi ndiyo kitu gani. Nikasema ni maandishi madogo chini ya ukurasa. Akasema chini amekaa vya kutosha, asante.

Nikamuuliza basi anataka nini. Hakufikiri hata kidogo. Anataka Jumapili iwe yake, asubuhi mpaka jioni, asiitwe. Na anataka kuhamia kwenye chumba changu cha kusomea. Sasa hivi analala stoo, kati ya magunia ya mchele na mitihani ya zamani ya wanafunzi wangu, na akijigeuza usiku, mitihani inamwangukia. Chumba cha kusomea kina dirisha na kochi refu. Akasema nimo humo saa moja kwa siku, tena kwa kukoroma.

Nimeshangaa. Mimi nisijali mapumziko ya wafanyakazi? Nina sura nzima kuhusu haki ya kupumzika. Nimeiandika Jumapili baada ya Jumapili, Dada mwenyewe akiniletea chai, kwa hiyo ni shahidi.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba madai yake ni ya haki kabisa ila yako nje ya mipaka ya utafiti huu. Akasema sawa. Akachukua bakuli la maganda akatoka kwenda kuonana na wapigakura wake.

Jeuri ya madaraka. Hiyo nayo ni sura.

Jumatatu, 10 Machi

Mkakati mpya. Kama Dada ameshika matumbo yao, nami nitashika matumbo yao. Siku ya kura chakula ni marufuku, lakini hakuna sheria iliyotaja siku za kabla.

Nilipita sokoni asubuhi kabla ya kwenda kazini. Samaki kwa paka, mahindi kwa jogoo, kabichi kubwa kwa Mheshimiwa. Nilimwambia Dada apumzike, kuanzia leo wanyama ni jukumu langu. Akasema asante Baba, akakaa kwenye kigoda kunitazama. Alijifanya anachambua mchele.

Paka alikula samaki wote, akajilamba, akanisugua miguu. Nikamwandika upande wangu. Baada ya muda mfupi alitapika ndani ya kiatu changu cha semina na kwenda kulala miguuni pa Dada. Nikamfuta.

Mheshimiwa alinusa kabichi kama mkaguzi. Nilipoinama kumsogezea karibu, alipita nyuma yangu. Sitaandika zaidi. Leo nimetoa mhadhara nimesimama mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi wakasema nimekuwa na hamasa. Mama mkwe alisema Mheshimiwa ana kawaida moja tu, hapendi mtu mwenye lake jambo.

Lakini jogoo! Jogoo amenasa. Mahindi yamemwingia moyoni. Amenifuata bafuni, akanifuata getini, alinisindikiza hadi njia panda. Huyu ni wangu wa kufa na kuzikana. Mimi na jogoo, kura mbili. Zinatakiwa nne.

Jumanne, 11 Machi

Nimeingia kwa binadamu.

Mke wangu kwanza. Nilimsifia nywele. Nikaosha kikombe. Alinisogelea akanishika paji la uso kupima homa. Nilipomweleza shida yangu alisema hatapigia kura kitu asichokisikia, nimsomee matokeo. Nikamsomea kwa sauti: mamlaka hujigawa yenyewe na hakuna anayelalamika. Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Akifuta machozi akasema mbona ni rahisi, nimpe Dada siku yake na chumba, niandike hivyo, na yeye atasimama nami mchana kutwa. Nikamwambia mtafiti hanunui kura. Akauliza mbona jogoo ameshiba namna ile.

Huyo nimemwacha. Ni mpigakura mwenye msimamo mkali.

Mama mkwe ni mtu wa siasa za kweli. Hakuuliza matokeo yanasema nini. Aliuliza yeye anapata nini. Tukajadiliana vizuri, kikubwa. Nimempa rimoti ya televisheni, moja kwa moja, bila masharti, pamoja na kiti changu kinachotazamana nayo. Kwa upande wake atasimama kwenye tangi, na atamwita Mheshimiwa, maana beberu ni wake tangu kuzaliwa na hajawahi kumkatalia.

Mimi, jogoo, mama mkwe, Mheshimiwa. Nne kwa tatu. Hesabu imekaa.

Nilipita jikoni nikamwambia Dada kwa wema kwamba mazungumzo yetu yamefungwa. Akasema sawa Baba. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Kura.

Mkuu wa kitivo alifika mapema, akapewa kiti chini ya kamba ya nguo. Takwimu alikuja na filimbi shingoni. Mke wangu alitoka zamu moja kwa moja, bado na sare yake. Nilitoa hotuba fupi ya kufungua, ambayo Takwimu aliikata kwa filimbi.

Binadamu wakaenda pande zao. Mke wangu na Dada, mlango wa jikoni. Mimi kwenye tangi, na mama mkwe pembeni yangu ameshika rimoti kifuani kama hati ya shamba. Wanyama wakaachiwa katikati.

Jogoo akaniona. Akanijia mbio, mabawa wazi. Nilimtazama mkuu wa kitivo ili nione kama ameona. Ameona. Paka akaenda kwa Dada, hilo nilishalipigia hesabu. Akabaki Mheshimiwa, peke yake katikati ya ua, ameshika mustakabali wa idara.

Mama mkwe akamwita. Mheshimiwa akapiga hatua moja kuja kwetu. Akamwita tena, kwa sauti ya kumbembeleza. Hatua ya pili. Nikaanza kukiona kile kiti kikizunguka.

Dada hakuwa na kitu mkononi. Hakuita, hakupiga mluzi. Alisema neno moja tu, "haya", kwa sauti ile ile anayosemea kila asubuhi akifungua banda.

Mheshimiwa akageuka. Alikwenda taratibu, kiheshimiwa, akasimama ubavuni pa Dada akaanza kucheua. Halafu jogoo wangu, jogoo wa mahindi yangu, wa kufa na kuzikana, akakurupuka kutoka miguuni pangu na kumfuata. Mama mkwe akavuta pumzi. Akasema hajawahi kukaa upande tofauti na Mheshimiwa na hataanza uzeeni. Akavuka ua. Akavuka na rimoti.

Sita kwa moja.

Kisha mkuu wa kitivo akapiga makofi. Akasema hajawahi kuona washiriki wakiyakataa matokeo kwa uhuru namna hii, na kwamba hii ndiyo sosholojia. Takwimu akafungua pendekezo langu na kusoma kwa sauti: washiriki ni sawa. Basi kama wamekataa matokeo ya mmoja, wanaweza kuleta yao. Aliwauliza wanasemaje.

Dada akasema yake ni machache. Katika nyumba hii anayezungumza kuhusu kazi ana chumba cha kuzungumzia, na anayeifanya analala na magunia. Wengine wote wana Jumapili, hata beberu hafungwi kamba Jumapili. Yeye hana. Anataka siku na chumba, na iandikwe.

Mke wangu akasema anaunga mkono. Kura ikaitishwa. Nilihisi upepo umeelekea wapi. Mtu wa sayansi hung'amua mapema. Kabla filimbi haijalia nilishavuka ua na kujipenyeza kati ya mke wangu na paka. Saba kwa sifuri. Nilimwelezea mkuu wa kitivo kwamba si rahisi kuwafikisha washiriki kwenye kauli moja, inahitaji mwezeshaji mzoefu.

Akanishika mkono, akanitazama machoni, akasema Ijumaa anasubiri kwa hamu. Mbele ya wote akaniuliza kama Dada sasa atapata siku yake. Nikasema bila shaka. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Nitawasilisha. Hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Semina. Ukumbi umefurika. Wanafunzi wamekaa hadi kwenye ngazi. Kiatu kimesafishwa ingawa nikikanyaga vibaya bado kinakumbusha.

Takwimu alitangulia. Grafu, grafu, grafu. Ni kweli zilionyesha vizuri nani anabeba mzigo wa kazi za nyumbani katika mtaa mzima, lakini hazikuwa na moyo. Nilisinzia kwa kanuni.

Nikapanda mimi. Nimewasimulia kuhusu nyumba moja, sikuitaja, ambamo mama mwenye wajukuu analala stoo na mwenye nyumba, msomi, ana chumba kizima cha kukoromea. Nilieleza jinsi msomi huyo alivyoandika kuhusu haki ya kupumzika akiletewa chai na mtu asiyepumzika. Ukumbi uliguna. Nilipofika kwenye habari ya kuhonga jogoo, wanafunzi walipiga meza kwa hasira na vicheko. Damu ikanichemka nami. Nilimshambulia mtu yule vibaya. Nilisema watu wa aina yake ndio wanaotia doa taaluma. Nadhani sijawahi kuwa mkali hivyo katika maisha yangu, na ilinipendeza.

Mwanafunzi mmoja akauliza mwenye nyumba huyo ni nani ili wamjue. Nikasema maadili ya utafiti hayaniruhusu kumtaja. Takwimu akapatwa na kikohozi. Mke wangu, mstari wa mbele, alikuwa anachunguza dari.

Mkuu wa kitivo akasimama. Akasema kazi ya Takwimu ni imara kuliko zote alizoziona. Lakini mtu aliyekubali kujianika mbele ya kadamnasi namna hii, ana ujasiri ambao idara inauhitaji, na mtu akijiona hivi hawezi kurudi alikotoka. Sikuelewa anamzungumzia nani. Nilipoelewa kwamba kazi nimepata mimi, sikujali tena.

Takwimu alikuja kunipa mkono. Aliniuliza kama Jumapili ya Dada inaanza keshokutwa. Nikamwambia utekelezaji una hatua zake. Akaniambia nyumbani kwake kuna chumba kitupu tangu mwanawe aolewe, na kwa kazi ya kukusanya takwimu anahitaji mtu anayejua nyumba za watu zinavyokwenda. Sikuona hilo linanihusu nini. Watu wakishindwa huanza kuongea ovyo.

Jumamosi, 15 Machi

Ofisi mpya. Nimehamia asubuhi. Madirisha yote mawili nimeyafungua, nikayafunga, nikayafungua. Kiti nimekizungusha mpaka kikanishika kichefuchefu cha kupendeza.

Tangazo langu la kwanza kwa idara nimelibandika mlangoni: kwa kuwa ushirikishwaji ni kitu cha thamani, hautatumika kila siku. Maamuzi atayafanya mkuu wa idara, wengine watashirikishwa kuyapokea.

Nyumbani Dada alinisubiri sebuleni, amejifuta mikono. Alikuja kunikumbusha kesho. Nilimkalisha, kwenye kochi kabisa, maana mimi si mtu wa makuu. Nikamfafanulia. Kura ilikuwa ya kukubali matokeo. Matokeo tumeyakubali, mimi mwenyewe nimeyatetea hadi sauti ikakauka. Kuyatekeleza ni utafiti mwingine, unahitaji pendekezo jingine. Na kesho haiwezekani kwa namna yoyote kwa sababu nimewaalika mkuu wa kitivo na idara nzima kuja kunipongeza. Watu wengi. Wanahitaji kula. Kuhusu chumba, kile nitakihitaji zaidi sasa, majukumu yameongezeka.

Nikamwambia asife moyo. Haki ni safari.

Dada akasema sawa. Ilikuwa sawa nzuri, tulivu, ya mtu aliyeelewa somo. Nimefarijika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Naye ameelewa.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka hakuna chai.

Nilisubiri kitandani kidogo, nikakohoa. Nikatoka. Jikoni masufuria yamepangwa, safi, baridi. Stoo iko wazi, godoro limekunjwa, mitihani imepangwa vizuri kwa mwaka. Hakuna mkoba, hakuna khanga msumarini.

Mke wangu alikuwa getini amevaa nguo za kutokea, amebeba begi la Dada. Akanipa habari. Dada anahamia kwa Takwimu. Chumba chenye dirisha, kazi ya utafiti, Jumapili yake, na ameanza nayo leo. Mke wangu anamsindikiza. Atarudi jioni, akasema, au akichelewa ni kwamba mazungumzo yamenoga. Mama mkwe alikuwa tayari barabarani na Mheshimiwa, maana Mheshimiwa alianza kutembea mara tu Dada alipofungua geti na hakuna aliyeweza kumzuia. Paka nyuma yao. Jogoo hakuniaga.

Nilimwambia mke wangu kwamba hii inanisikitisha. Akasema anaona. Akasema nimepata kiti kizima cha kuzunguka na bado sijui kugeuka. Halafu akaenda.

Adhuhuri mkuu wa kitivo alipiga simu kuomba radhi. Hataweza kufika. Takwimu anaandaa chakula cha kumkaribisha mtafiti wake mpya na amemwalika, na idara nzima iko huko tayari. Aliniuliza mbona sionekani huko, nami nakuja saa ngapi? Nikamwambia nina kazi.

Nimekaa sebuleni. Nyumba nzima iko kimya na tumbo langu linazungumza. Mtu dhaifu angevunjika moyo hapa. Mimi nimeona fursa. Matatizo yote ya utafiti wangu, nikitazama nyuma, yalitokana na wingi wa washiriki. Nimeitisha kikao cha dharura cha nyumba. Waliohudhuria: mimi. Wasiohudhuria wamepoteza haki yao kwa hiari.

Hoja ya kwanza: kwamba nyumba hii inaongozwa kwa haki na busara. Imepita bila kupingwa. Nimeipigia makofi.

Hoja ya pili: nani achemshe chai. Nilimpendekeza Dada. Imepita kwa kauli moja.